Nusu ya Pampu ya Goziba

Mwanangu, jana uliponionyesha kwenye kompyuta ile pampu unayoichora, ukuta wake kijani palipo na unene wa kutosha na nyekundu palipo pembamba, niligeuka nikatazama dirishani. Ulidhani sijaelewa. Kumbe nilikuwa nimerudi Bukoba, kwenye karakana ya fundi Kamugisha, miaka michache baada ya vita.

Nilikuwa na miaka ishirini, mwanamke pekee pale, na nilijiona najua kila kitu. Tuliyeyusha vyuma chakavu vya magari ya vita tukasubu vipuri, maana vya dukani havikuwapo.

Siku moja alikuja mvuvi kutoka kisiwa cha Goziba, Mzee Jumanne, amepakiwa kwenye boti ya wenzake. Pampu ya kupozea injini ya boti yake ilikuwa imepasuka, na mkewe alikuwa hoi kisiwani kwa ule ugonjwa ambao wakati huo tuliuita Juliana, na leo unaitwa UKIMWI. Wenye boti nyingine waliogopa kumbeba mgonjwa. Mzee alitaka kitu kimoja tu, amfikishe mkewe hospitali.

Kamugisha alinikabidhi kazi. Nikatengeneza kalibu ya mchanga, nikaweka ndani kiini cha mchanga cha kuacha uwazi, tukamimina chuma kilichoyeyuka. Ilipopoa nikapima unene wa ukuta mdomoni, sehemu nne, zote sawa. Nikamwambia mzee kwa heshima ya kwetu, "Chukua, waitu, iko tayari."

Kamugisha aliichukua kabla mzee hajaishika. Aliibana kwenye jiriwa, akachukua msumeno, akaikata katikati. Mzee Jumanne alishika kichwa. Mimi nililia kwa hasira, sikufichi.

Halafu akanipa nusu moja niitazame. Mdomoni ukuta ulikuwa safi. Tumboni mwa pampu, kiini kilikuwa kimesogea wakati wa kumimina. Upande mmoja ulikuwa mnene, wa pili mwembamba kama kucha.

"Umepima pale mkono wako ulipofika," alisema. "Maji yatasukuma pale ambapo hukufika. Ukuta ungepasuka, injini ingezimika katikati ya ziwa, na mgonjwa yumo."

Hakunifukuza. Alinifundisha kukiegemeza kiini kwa vijiti vya chuma, tukasubu pampu mbili kwa namna moja. Moja akaikata, tukaipima kila mahali, ikawa sawa. Ya pili akampa mzee. Ndivyo alivyofanya kwa kila kipuri kipya, kimoja cha kutumika na kimoja cha kukatwa. Mafundi wa jirani walimcheka kwamba anajitesa. Mimi sijapata kumwona fundi kama yule, na mafundi nimewaona wengi.

Mama yule alifika hospitali. Aliishi miezi michache, akafia kwao Izimbya, mikononi mwa dada zake. Mumewe alikuja mwenyewe kutuambia, akamshika Kamugisha mkono.

Basi sikiliza. Wewe huhitaji msumeno. Mashine yako inaona tumboni bila kukata, na mimi naistaajabia kweli. Lakini ikikuonyesha nyekundu, usibishane nayo kwa sababu umechoka au mteja anasubiri mlangoni. Rudia kazi. Anayesubiri ndiye atakayepanda boti.

Ile nusu ninayo hadi leo, ndiyo inayozuia mlango wa jikoni usifungwe na upepo. Ichukue, uiweke karibu na kompyuta yako. Mungu akupe macho ya kufika mpaka ndani, na akupe moyo wa Kamugisha, wa kukata kazi inayoonekana nzuri mbele ya mteja anayeisubiri, ili afike salama.