Namba Niliyoifuta

Mama mukubwa, dada wa mama aliyenilea, alikuwa amebakiwa na jicho moja. La kushoto lilikufa msimu wa mvua: liliuma, kichwa kikamgonga, akatapika, na kule kijijini kwake, Lusangi, wakamtibu malaria. Maumivu yalipoisha, halikuona tena.

Mimi nilikuwa nafanya kazi ya ekografi, mashine ya kutazama watoto tumboni, katika kituo kidogo cha afya Kasongo. Mambo ya macho sikufundishwa na mtu. Nilijisomea katika kitabu cha Kifaransa kisicho na jalada, nikajipima macho yangu mwenyewe kwa mashine ileile mpaka kope zikawa nyekundu. Humo nilijifunza kwamba mbele ya jicho, nyuma ya kioo chake, kuna nafasi ndogo ya maji, na maji hayo hutoka nje kupitia pembe yake. Nafasi ikiwa finyu, ile pembe inaweza kuziba ghafla. Maji hujaa, na jicho hufa kwa siku chache. Nikashuku ndivyo la kushoto lilivyokufa. Nikaomba aletwe kwa pikipiki, nipime la kulia.

Alipohisi jeli baridi juu ya kope, akacheka.

"Weye, hii si masini ya mimba? Jicho yangu iko na mimba?"

"Funga jicho, mama mukubwa. Usitikisike."

"Kama iko mapacha, uniambie pole pole."

Namba ya kina cha ile nafasi ikatoka: milimita moja na nukta nane. Ndogo mno; kitabu kilisema kawaida ni karibu tatu. Nikaiandika kwenye barua ya kumtuma kwa daktari wa macho, mjini Kindu. Kisha nikaingiwa na wasiwasi. Kitabu kilionya kwamba ukikandamiza kope, nafasi hubonyea, na unapima kosa la mkono wako. Nikapima tena: moja na nukta tisa. Tena: mbili na nukta mbili. Sivumilii namba zisizokubaliana. Nikachukua wembe, nikaikwangua ile ya kwanza kama tulivyofanya shuleni, karatasi ikatoboka, nikaitupa barua yote.

Nakiri: niliogopa kuchekwa. Daktari angeuliza nani huyu asiye na cheti anayempelekea vipimo vitatu vya jicho moja.

"Rudi wiki ijayo," nikamwambia. "Mukono yangu itakuwa imetulia."

"Kuko hatari?"

"Sijajua bado."

Nilijua.

Siku ya nne walipiga simu kutoka Lusangi: jicho linauma, anatapika. Mvua ilikuwa imekata barabara. Alipofika Kindu baada ya siku kadhaa, daktari alitoboa njia ya maji, maumivu yakaisha, giza likabaki. Nilimwonyesha daktari zile namba tatu. Hakunicheka. Alisema hata ile kubwa kabisa ingetosha kumtuma.

Sasa tunaishi naye. Huchambua mchele kwa vidole, na tukiuma jiwe, tunameza kimya. Jumapili moja mikono yake ilisimama juu ya lungo.

"Ile siku, masini ilisemaka nini?"

Nikamtajia zote tatu, na ile barua.

"Basi ulijuaka."

"Ndiyo, mama mukubwa."

Vidole vikarudi kwenye mchele, vikazunguka kidogo, vikaacha. Akanisukumia lungo.

"Angalia mawe, weye mwenye macho."

Nikaangalia. Lilikuwapo moja, jeupe kama mchele wenyewe. Nikalitoa, nikaanza upya kutoka ukingoni, naye akangoja.