Nilipolinda Mahindi Nikiwa Nimefumba Macho

Kuna siku moja naikumbuka kuliko ninavyopenda, mwanangu. Nakuita mwanangu ingawa sina hata mvi, kwa kuwa kwetu mtoto wa dada ni wako. Nawe juzi uliniambia unaacha kutafakari, eti akili haitulii.

Nilikuwa nimemaliza chuo hapa Kakamega, sina kazi, na kifua kilinibana kila asubuhi. Kwenye simu nikampata mtawa wa Kibudha akifundisha: keti, fuata pumzi; wazo likija, litambue, kisha rudi kwenye pumzi. Kifua kikalegea, nikafurahi. Lakini unanijua. Hata chai nikiipika, rangi isipokuwa sawasawa naimwaga. Nikataka kutafakari pasipo wazo hata moja. Likija, najikemea, naanza upya. Kitulizo kikageuka mtihani, nami nikawa nimeamua kuacha.

Basi Kukhu, nyanya yangu, akaanika mahindi kwenye turubai, akaniweka nifukuze kuku. Nikaona hapo nafasi ya mwisho ya kujaribu! Nikafumba macho. Nilipofumbua, kuku walikuwa karamuni. Nikawarukia kwa hasira, mguu ukanasa kwenye turubai, mahindi yakamwagika matopeni. Hasira hasara, na hasara hiyo iliokotwa punje kwa punje.

Kukhu akatoka na mwiko mkononi. "We msichana! Ulikuwa umelala?"

"Nilikuwa natafakari, Kukhu. Kama Wabudha."

"Na hao Wabudha hawakulangi ugali?"

Akacheka mpaka akashika mwimo wa mlango. Kisha akainama, tukaokota pamoja.

"Kuku hukujanga tu kila mara, mama. Unamwambia shii, unaketi. Angekula punje kidogo. Hasira yako ndiyo imemwaga yote."

Nikaokota punje nyingine, nikakumbuka. Mtawa alikuwa amesema rudi, hakusema jikemee. Hilo nililiongeza mwenyewe.

Jioni nikaketi tena. Mawazo yakaja: kazi, matope, aibu. Nikarudi kwenye pumzi bila kujitukana, nikapotea, nikarudi. Kifua kikalegea.

Kwa hiyo usiache, mwanangu. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Akili kutangatanga si kushindwa. Kule kurudi kwa upole ndiko kutafakari kwenyewe. Mimi bado najifunza: sentensi hii nimeifuta na kuiandika upya, mwishowe nimeiacha hivi ilivyo.

Mungu akupe pumzi nyepesi, na ukijikwaa, kicheko kikufikie kabla ya lawama.