Baba mkwe alivyoitilia maji ya kisima gari yangu yenye waterless coolant

Saa kumi na mbili na dakika arobaini asubuhi, Jumapili, Makunduchi. Baba mkwe alikuja dirishani kunipa habari njema.

"Gari yako nshaitia maji."

Wakuu, amani kwenu. Nayaandika haya kama yalivyokuwa. Daftari la gari liko hapa mezani, na makosa yangu nayataja pia.

Gari ni ndogo, dizeli, injini ya lita moja na nusu. Ufundi nimejifunza mwenyewe kwa kusoma, hapa hapa Michenzani, mjini. Maji yetu ya chumvi na chokaa yalishaniulia rejeta mbili, ndipo nikahamia coolant, yaani kipoza injini, isiyo na maji kabisa. Nilikausha mfumo, nikausafisha kwa dawa yake, nikajaza lita tano na nusu.

Haichemki kirahisi na haijengi presha kubwa. Sharti lake ni moja: maji yakizidi kidogo tu, faida yake imekwisha.

Sasa, baba mkwe. Ameendesha malori maisha yake yote, leo macho yamefifia. Mkwe yeyote akilala kwake, mzee akimaliza sala ya alfajiri hufungua boneti ya mgeni na kuongeza maji. Haombwi. Mapenzi yake kwetu huyaonyesha hivyo.

Hilo nilikuwa nalijua miaka kumi na tisa, na sikumwonya.

"Umetia kiasi gani, baba?"

"Nusu lita. Ilikuwa na kiu. Mabuku yote hayo unasoma, maji unasahau?"

"Baba, hii haitaki maji."

"Gari isotaka maji? Hata ngamia hunywa."

Mke wangu alicheka mpaka akakaa kitako. Mzee hakucheka. Aliuliza polepole, "Nimeiharibu?"

Nusu lita ndani ya tano na nusu ni karibu asilimia tisa. Kiasi hicho kinatosha kuiharibu coolant. Nikamuuliza amejuaje kuwa imepungua, maana alama ya tangi haioni.

"Kwa kidole. Safari zote huingiza kidole. Leo kimetoka kikavu."

Hapo nikafungua daftari. Ijumaa niliandika: *iko kwenye alama*. Nusu lita imekwenda wapi?

Nikalala chini ya gari. Klipu ya mpira wa chini wa rejeta ilikuwa imelegea. Kwa kuwa hakuna presha kubwa, coolant haikuruka wala kutoa mvuke. Ilidondoka kimya kwenye kinga ya plastiki iliyo chini ya injini, na sakafu ikabaki kavu.

Klipu hiyo niliikaza mimi, injini ikiwa baridi, na sikurudi kuikagua baada ya kupata moto.

Bila kidole kile ningeondoka na uvujaji, nikaua silinda hedi njiani.

"Baba," nikamwambia, "maji yako yameharibu coolant. Kidole chako kimeokoa injini. Yote mawili ni kweli."

Akafikiri. "Basi leta spana, mkwe. Safari hii nitakukazia mimi."

Alikaza yeye, mimi nikashika tochi. Nilirudi mjini na maji yake ndani, taratibu, mshale wa joto haukusogea. Kesho yake nikamwaga yote na kuanza upya.

Nilichojifunza: ukifunga mipira, kaza klipu tena baada ya injini kupata moto na kupoa. Tangi liandike kwa rangi: usitie maji. Na wanaoipenda gari yako waambie inakula nini.

Kwake nimeacha chupa ya coolant, nimeifunga kitambaa shingoni aijue kwa kupapasa. Bado anaingiza kidole kila nikilala huko, nami simzuii.

Mnaoitumia coolant hii kwenye dizeli ndogo, wekeni vipimo vyenu vya joto hapa tulinganishe.

Coolant mpya, dawa ya kusafishia na klipu nne. Hasara yote, ambayo mzee hajatajiwa: shilingi 414,000.