Siku Nilipoipita Konde

Kabla ya korona, kazi yangu ya kutembeza dawa ilikuwa ya kubembeleza. "Chukua hata mbili, sheikh wangu, zikikaa utanirudishia." Naanzia Konde kwa mwenye duka kubwa la dawa, naishia Makangale, kijiji cha mbele yake. Wa kwanza kufikiwa ndiye wa kwanza kuchagua, ndiyo desturi. Nami nakwenda naota duka langu mwenyewe, lenye feni, na bango lililoandikwa kwa rangi ya kijani.

Korona ilipoingia, nikaanza kubembelezwa mimi. Dawa ya pumu, ile ya kuvuta, ikatakwa hata na wenye vifua vizima wakaifungie kabatini. Yule wa Konde akawa anachukua boksi zima. Makangale nafika mikono mitupu kwa Bi mwenye duka dogo, na mama yake ana pumu. Safari moja alinipeleka chumbani nikamwona huyo mama, bibi mzee, ameinama mkekani, anavuta pumzi kama anayeinyang'anya kwa mtu.

"Safari ijayo usinisahau, mwanangu," akaniambia Bi tulipotoka.

Basi safari iliyofuata nikaamua kuanzia Makangale. Nikavaa barakoa, nikajiona sijulikani. Kumbe begi langu lajulikana Konde nzima! Gari la abiria nililopanda liliposimama hapo kushusha watu, mwenye duka akalijia mbio.

"Wewe! Wapita kama hunioni?"

"Leo naanzia mbele, sheikh. Nitarudi kwako."

"Urudi na nini? Na begi la upepo?"

Akanikamata ukosi, akanivuta nje. Nilianguka kifudifudi juu ya lami, barakoa ikajaa damu ya pua. Mkanda wa begi ukakatika, boksi la dawa ya pumu likachomoka. Nikalilalia boksi. Akanipiga teke la mbavu, tena la mgongo, kisha akakanyaga mkono wangu. Nilikisikia kidole kikilia kama kijiti kinachovunjika.

"Achia!"

"Ya mgonjwa hii!"

"Na wateja wangu mimi ni punda?"

Alisema kweli. Kwake pia kulikuwa na wagonjwa. Lakini sikuachia.

"Utamuua mwana wa watu!" akina mama wakapiga kelele. Utingo wa gari akashuka na spana ya magurudumu, akamtwanga ya bega. Yule bwana akakaa chini akiguna, nami nikatupwa garini pamoja na boksi langu lililobonyea.

Bi wa Makangale aliponiona alishika kichwa. "Ya Rabbi! Umegongwa na ng'ombe?"

Nikampa boksi kwanza. Dawa nyingine zilikuwa zimepasuka, nzima zilikuwamo. Bibi akavuta mara moja, akangoja, akavuta tena. Mabega yake yakashuka taratibu. Bi akanifunga kidole kwa kipande cha leso, huku nikimhadithia ya Konde.

"Na safari ijayo utapita vipi Konde?"

"Nitapitia msituni Ngezi kwa miguu, begi kichwani, kama mwizi wa kuni."

Bibi akacheka mkekani. Tukamtegea sikio sote kama atakohoa. Hakukohoa.