Kapteni wa Pili Mlangoni Kwetu

Tonton, mdogo wa mama, hajawahi kuacha filamu iongee yenyewe. Anasimama kando ya skrini na rimoti mkononi, anatafsiri. Kwetu Uvira, Kongo, alikuwa anafanya hiyo kazi kwenye chumba cha video, watu wanakuja kumsikiliza yeye kuliko kuangalia picha. Hapa Durban, kwenye flat yetu ya Albert Park, anatufanyia sisi tu, kwa sababu mama hajui Kiingereza. Mimi najua, nimesoma hapa tangu grade two, lakini hata mimi naisikia hadithi vizuri zaidi kwa tonton.

Mwaka niliokuwa grade eleven alinunua soko la Warwick mfuko wa DVD za zamani, series ya watu wanaozunguka kwenye nyota na chombo chao. Milango ya chombo inatikisika kama kabati bovu, mawe ya sayari unaona kabisa ni karatasi. Mdogo wangu wa kike, miaka saba, alicheka vyote hivyo. Hadithi moja tu hakuicheka.

Kapteni anashuka kwenye sayari. Watu wa kule wanamkamata, wanamlaza ndani ya mashine, na upande mwingine wa mashine anatoka kapteni wa pili. Sura ile ile, sauti ile ile, mpaka kovu la kidevuni. Huyo wa pili ndiye anarudi kwenye chombo. Anawasalimia watu kwa majina, na wao wanamfungulia kila mlango.

Tonton akasimamisha picha. "Nani ataniambia, huyu mbaya tutamjulia wapi?"

"Kwa macho," mama akasema.

"Macho iko namna gani?"

"Iko mabaya."

"Dada yangu, ni macho ya mtu mmoja. Hata mshahara wa kuigiza walimpa mmoja."

Tukacheka. Lakini mwishoni makapteni wote wawili wanasimama kwenye chumba kimoja, na daktari wa chombo anawaelekezea bunduki, anauliza swali ambalo kapteni peke yake anaweza kulijua: farasi wako wa utotoni aliitwa nani? Wanajibu wote pamoja, na wote wanapata. Tonton aliwapa sauti moja, hakubadilisha kitu. Mdogo wangu akavuta blanketi mpaka puani. Daktari akampiga mmoja, na alikuwa ndiye yule wa uongo, maana ni televisheni. Mtoto hakuridhika. Wiki nzima alikuwa ananiuliza, na kama angekosea? Mimi sina subira, nilimwambia anyamaze.

Filamu ndiyo hiyo. Sasa siku yenyewe.

Kwenye geti la jengo letu kuna mlinzi, mzee wa Kizulu, anachechemea mguu wa kushoto. Tunamwita baba, na neno hilo kwao ni hilo hilo. Lifti ilipokufa na mdogo wangu akawa na homa, yeye ndiye alimbeba ghorofa nne. Alinifundisha zile sauti za Kizulu za kupiga ulimi, na kila nilipokosea alicheka mpaka anakohoa.

Mwezi ule simu zilijaa ujumbe kwamba watu wataandamana, wataingia kwenye flat za wageni na kuwatoa. Asubuhi mama alitaka kuwahi Warwick kuficha mitumba yake. Tonton alikuwa kazini, saluni ya Glenwood. Mama aliniachia ufunguo akasema, "Usimfungulie mtu. Hata akikutajia jina langu."

Kama saa nne nikasikia nyimbo. Nikasogeza pazia kidogo. Barabara ilijaa, wanaume wengi na wanawake wachache, wana fimbo na vyuma, wamesimama kwenye robot ya kona, zile taa za magari. Kwenye mstari wa pili nikamwona mlinzi wetu. Hakuvaa koti lake la kazi, alivaa fulana nyekundu, mdomo wazi, anaimba. Akainua fimbo akaonyesha jengo letu.

"Ni baba," mdogo wangu akasema kwapani kwangu, kwa furaha kabisa.

"Si yeye."

"Ni yeye. Anachechemea."

"Nimekwambia si yeye."

Akaniangalia. "Ni wa pili?"

Nilitaka tu aache kuongea. Nikasema ndiyo, ni wa pili.

Nikampigia mama, simu imezima. Tonton, inaita tu. Chini vioo vya duka vikaanza kuvunjika. Halafu kwenye ngazi nikasikia miguu ya mtu mmoja, mguu mmoja unaburuzwa. Ikaja mpaka kwetu. Akagonga taratibu, kwa kidole.

"Vula, ndodakazi. Yimi." Fungua, binti yangu, ni mimi. Sauti yake ile ile ya kila siku.

Mdogo wangu alitaka kuitika nikamfunika mdomo. Akaongea ndani ya kiganja changu. "Muulize. Muulize kitu."

Na mimi, mkubwa mzima, nikauliza. Nikasogea mlangoni nikasema kwa Kizulu, "Baba, siku mdogo wangu alikuwa mgonjwa, ulimbeba na nini?"

Alikuwa anahema.

"Na koti langu. Akanitapikia mgongoni. Ndodakazi, muda hakuna. Vula, niwafiche chini kwenye chumba cha mita za umeme."

Alipata. Hapo ndipo nilielewa kwamba swali halina kazi. Hakuna aliyetoka kwenye mashine. Aliyembeba mdogo wangu na aliyeinua fimbo kuonyesha madirisha yetu, mtu mmoja, na yuko hapa nje, na anajua majibu yote. Kama nafungua, nafungulia yupi? Ufunguo niliukamata kwa nguvu mpaka ukaniachia alama kwenye kiganja.

"Mama kakataa," nikasema.

"Eish," akasema. Kutoka chini tukasikia miguu mingi inapanda. Akashusha sauti. "Basi nyamazeni. Hata kukohoa, hapana."

Walipofika wakapiga geti la mlango wetu na chuma. Mlio wake niliusikia kwenye meno.

"Nani iko humu?"

"Akekho. Bahambile," akasema yeye. Hakuna mtu, wameshaondoka.

"Lini?"

"Wiki iliyopita. Walikimbia kama mende."

Wakacheka. Na yeye akacheka kuliko wote, mpaka akakohoa. Ni kile kicheko alichonicheka mimi nilipokosea Kizulu.

"Mbona nasikia harufu ya chakula?" mmoja akauliza.

Maharage. Yalikuwa kwenye jiko tangu asubuhi. Sikuthubutu kwenda kuzima.

"Ni changu," akasema. "Hii flat nimeshaichukua mimi. Unadhani nilipanda huku kufanya nini? Tafuteni yenu juu."

Wakabishana kidogo. Mmoja alisema mzee ana tamaa. Halafu wakapanda. Mdogo wangu alikuwa amejikojolea miguuni pangu na hakulia. Sikumfuta. Tulikaa chini hivyo hivyo, maharage yanaungua, na yeye nje amekaa ameegemea mlango wetu, ninamsikia anapumua. Nyimbo ziliisha, polisi walipita na ving'ora, yeye hakuondoka. Baada ya saa nzima na nusu labda, sikuangalia, nikamsikia anashuka. Nilikuwa nafikiria kitu kimoja tu: aliposema flat ameichukua yeye, aliwadanganya, au alisema kweli?

Mama alifika na tonton jioni, jua bado lipo. Nilimsikia mzee amepanda nao, anawaambia, "Wako ndani. Hawakutaka kunifungulia." Mama alianza kulia na kumshukuru kwa lugha zote anazojua. Ndipo nikafungua. Alikuwa amevaa koti lake la kazi juu ya ile fulana, amefunga vifungo vyote mpaka shingoni.

Mambo ya dirishani sikumwambia mama. Nikisema tutahama, na tutahamia wapi? Kila jengo iko na geti na mtu wa geti. Na mdogo wangu nilimwapisha asiseme.

Kesho yake mama akapika sombe, yale majani ya muhogo, na wali, akafunika sahani, akanipa nimpelekee.

"Tonton aende," nikasema.

"Mtu amewaokoa, wewe unamwonea aibu ya nini? Shuka."

Nikashuka. Alikuwa kwenye kiti chake, anasalimia watu, sharp, sharp. Alipokea sahani kwa mikono miwili, akafunua, akaanza kula. Mimi nikageuka.

"Ndodakazi. Jana ulikuwa dirishani?"

Hakuinua macho.

"Hapana, baba."

"Na mdogo wako?"

"Alikuwa amelala."

Akatafuna, akameza. "Kuhle," akasema, vizuri. Akaniambia nisubiri sahani ya mama.

Nikasubiri, mgongo kwenye ukuta. Alikula polepole sana.