Hofu ilimkimbiza kinyozi hadi shuleni, sasa anajiandaa kumuaga bintiye

Saa moja asubuhi, kinyozi anapangusa kioo chake kwa gazeti la jana. Anapulizia spiriti kwenye meno ya mashine, anakung’uta kitambaa cheupe mlangoni ili nywele za jana zisije zikamwasha mteja wa leo, kisha anaanza kuongea.

Ndani hakuna mtu. Simu yake iko kwenye chaji, imezimwa.

“Binti ameenda kupimwa sare,” anasema, huku akipanga brashi mezani. “Ameenda kwa miguu, na barabara ile unaijua. Mimi niko hapa. Wewe uko kule, na hapa pia uko. Basi, asante. Halafu huyu jirani na kikohozi chake, mwangalie na yeye.”

Jirani mwenyewe, fundi wa baiskeli, anaingia akiwa bado anakohoa. Amesikia.

“Redio, umeshafungua kituo?”

“Matangazo yameanza zamani. Kaa nikunyoe.”

Redio ndilo jina analojulikana nalo mtaa mzima. Ana umri wa miaka arobaini na sita, na alipewa jina hilo ujanani kwa sababu mdomo wake haukupumzika. Mteja alikuja kunyolewa nywele, akaondoka na habari za mpira, za siasa na za mazishi, na mara nyingine na ushauri wa ndoa ambao hakuuomba.

Lakini ulipita muda mrefu Redio akiwa bubu. Mashine ilinguruma, mwenye mashine akanyamaza. Na mkono wake, ambao watu walimsifia kwa wepesi, ulikuwa unatetemeka kiasi kwamba wazazi waliacha kumletea watoto.

Kibanda chake kina vyumba viwili vilivyotenganishwa na pazia la maua. Upande huu ni kinyozi. Upande ule alikuwa msusi, na msusi huyo alikuwa mke wake.

“Tulikuwa tunaongea kutwa nzima bila kuonana uso,” anasimulia. “Yeye ameshika kichwa cha mtu, mimi nimeshika kichwa cha mtu, katikati pazia. Mimi nikisema uongo, yeye anausahihisha kwa sauti, wateja wa pande zote mbili wanacheka. Nyumbani tulikuwa hatuna la kuongea tena. Tulikuwa tumeshamaliza kazini.”

Anatabasamu, halafu tabasamu linakatika katikati.

Miaka minne iliyopita, mchana wa siku ya kawaida, mke wake alisema kichwa kinamuuma. Alisema atajilaza kidogo kwenye benchi, mteja wake wa pili akija aamshwe. Redio aliendelea kunyoa. Alikuwa akisimulia habari ya mechi, tena kwa mbwembwe, na aliposhangaa kwamba hakuna aliyemsahihisha upande wa pili alidhani mkewe amelala usingizi mzito.

Mteja wa pili alipofika, Redio alifunua pazia amwamshe mke wake. Hakuamka. Mshipa ulikuwa umepasuka kichwani, madaktari walieleza baadaye, na hakuna aliyeweza kujua.

“Yeye anakata roho, mimi naongea mpira,” anasema. Hasemi kwa kujilaumu. Anasema kama mtu aliyeitazama sentensi hiyo kwa muda mrefu hadi imeacha kumchoma sana.

Alibaki na mtoto mmoja, binti aliyekuwa na miaka kumi na minne.

Wahenga walisema aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Unyasi wa Redio ulikuwa usingizi. Binti akilala, baba alisimama mlangoni kusikiliza kama anapumua. Kama hasikii, alisogea. Kama bado hasikii, alimtikisa.

“Alikuwa ananiamsha kuniuliza kama nimelala,” anasema binti huyo, ambaye sasa ana miaka kumi na minane, na anacheka kidogo. “Nilikuwa nikirudi shule nimechoka, siruhusiwi kujilaza mchana. Nikikaa kwenye kiti nikifumba macho, nasikia, ‘Mama! Mama uko macho?’ Ananiita mama tangu nikiwa mdogo. Lakini ile mama ilikuwa nyingine. Ilikuwa inaniogopesha.”

Kisha hofu ikamfuata kazini. Kifua kilibana, jasho likamtoka wakati wateja wengine wanalalamika baridi. Alikwenda hospitali akiamini moyo wake ni mbovu. Walimpima, wakamwambia moyo hauna tatizo, mwili unabeba wasiwasi mwingi, na wakamwelekeza kwa mshauri. Hakurudi.

“Nilijiambia, wasiwasi nao ni ugonjwa? Mwanaume mzima niende kukaa kwenye kiti niseme naogopa?”

Badala yake alianza kukimbia. Akiwa katikati ya kunyoa alipata picha kichwani: binti amelala juu ya dawati, wenzake wanadhani amesinzia. Hapo aliweka mashine chini, akamwambia mteja “nakuja”, akatoka mbio hadi shuleni. Alichungulia dirishani, akamwona binti anaandika, akarudi ametulia. Saa mbili baadaye picha ilirudi.

Wateja walivumilia, kisha wakachoka. Nani anapenda kukaa na nusu ya nywele kichwani akisubiri? Siku alipomkata sikio muuza viatu, habari ilienea haraka kuliko matangazo yoyote aliyowahi kuyatoa. Zikaja siku alizofunga jioni bila kunyoa hata kichwa kimoja.

Kanisani aliendelea kwenda, lakini kwa maneno yake mwenyewe, alikuwa “akiketi na Mungu kama watu wawili waliogombana wanaosubiri gari moja.”

Mambo yalifika ukingoni siku ya mtihani wa binti. Redio aliingia hadi ndani ya chumba cha mtihani, kitambaa cha kunyolea begani, mashine mkononi, waya unaburuzika. Wanafunzi waliangua kicheko. Msimamizi alimtoa kwa upole. Binti aliomba ruhusa, akamfuata barazani.

“Sikumgombeza,” binti anakumbuka. “Nilimshika mkono ule unaotetemeka. Nikamwambia, ‘Baba, mimi siyo mama.’ Basi. Nikarudi kufanya mtihani, lakini sikuona maandishi kwa machozi.”

Jioni yake, bila kumwambia baba, alikwenda kwa mchungaji.

Mchungaji wao ni mzee mwembamba mwenye ndevu nyeupe ambazo, kwa muda, alikuwa akizinyoa mwenyewe nyumbani, vibaya. Asubuhi iliyofuata aliingia kibandani, akavua miwani, akaketi kwenye kiti.

“Bwana asifiwe, Redio. Ninyoe ndevu. Kwa wembe.”

“Mchungaji, mkono unatetemeka.”

“Nimeuona. Ninyoe.”

“Nitakukata.”

“Ukinikata nitatoka damu, utanipaka spiriti, nitapiga kelele. Anza.”

Redio anasema hajawahi kunyoa mtu polepole kama siku ile. Alimkata mara mbili. Mchungaji alipiga kelele kweli, mara zote mbili, na mara ya pili wote wawili wakacheka. Kilikuwa kicheko cha kwanza ndani ya chumba hicho tangu msiba.

Ndipo mchungaji, povu bado likiwa shavuni, akamuuliza, “Kinyozi hajinyoi. Si ndivyo?”

“Ndivyo.”

“Akijinyoa?”

“Hujikata.”

“Sasa hii hofu umeishika peke yako, unajinyoa kisogo ambacho hukioni. Tangu mwenzako afariki, unaongea na nani?”

Redio alianza kusema “na Mungu”, akaona ni uongo, akaumeza.

“Sikuja kukukataza kuogopa,” mchungaji aliendelea. “Mimi nilizika watoto wangu wawili, naogopa mpaka leo simu ikilia. Lakini hofu yangu naisema. Nasema, Bwana, naogopa hiki na hiki. Usimpambie maneno. Mwambie kama ulivyokuwa unamwambia mkeo, huku unafanya kazi. Na hospitali rudi. Aliyekupa imani ndiye aliyempa daktari akili.”

Siku hiyo mchungaji alipoondoka, picha ile ilikuja tena. Redio aliweka mashine chini kama kawaida. Alifika mlangoni, akashika fremu kwa mikono yote miwili.

“Nilisema kwa sauti, ‘Mungu, mtoto yuko shuleni. Mimi niko hapa. Siwezi kuwa sehemu mbili. Wewe unaweza.’ Sikuwa na lingine. Nikalirudia. Kifua kilikuwa kinauma vilevile. Lakini sikwenda.”

Hakupona siku hiyo, na hapendi watu wasimulie kama vile alipona. Zipo wiki alizoshinda, na zipo siku alizojikuta getini pa shule bila kujua miguu ilimfikishaje. Mara moja aligeuza akiwa ameshashika kitasa cha geti, akarudi akilia njia nzima. Mlinzi wa shule alidhani amefukuzwa na mwalimu.

Alirudi hospitali, akakaa kwenye kile kiti alichokidharau, akasema naogopa. Alifundishwa kupumua taratibu kifua kinapobana. Kila Jumatano alikwenda kwenye maombi ya kikundi kidogo, ambako mama mmoja muuza mboga alimwombea kwa kumtaja kila kiungo, “utadhani ananiuza nyama,” anasema.

Kidogo kidogo mazungumzo na Mungu yakawa mazoea. Aliongea akinoa, akifagia, akinyoa. Wateja waliorudi walishangaa, wengine wakadhani msiba umempanda kichwani. Fundi wa baiskeli ndiye aliyewatuliza: “Redio ni ileile. Amebadili stesheni tu.”

Mkono ulitulia, si wote. Kidole cha shahada bado kinacheza akichoka. Wazazi wamerudisha watoto wao.

Upande wa pili wa pazia sasa anasuka shemeji yake, mdogo wa marehemu. Ni mpole, mkimya, na Redio anakiri kwamba ukimya huo ulimpa shida.

“Nikisikia jambo la kuchekesha, shingo inageuka yenyewe,” anasema. “Neno limeshafika mdomoni. Halafu nakumbuka.” Anakung’uta brashi. “Namkumbuka sana. Watu wanadhani ukimwamini Mungu, hilo linaisha. Halijaisha. Ninachoshukuru ni kwamba sasa namkumbuka yeye: sauti yake, alivyokuwa akinidharau nikiongopa. Zamani nilikuwa nakumbuka lile benchi tu. Hofu ilikuwa imeniibia mke wangu mara ya pili.”

Shemeji, akisikia upande wa pili, anaacha kusuka. Anasema taratibu, “Dada alikuwa akicheka mpaka anadondosha kitana.”

“Ee,” Redio anajibu. “Halafu ananilaumu mimi.”

Mwezi ujao binti anaondoka. Amepata nafasi katika chuo cha uuguzi, mkoa wa mbali, safari ya siku nzima. Barua ya chuo ilipofika alikaa nayo siku tatu kabla ya kumwonyesha baba.

“Niliogopa kwamba ataogopa,” anasema.

Redio aliisoma akiwa amesimama. Akaketi. Akaomba maji. Kisha akauliza swali moja tu: huko bwenini wanalala wangapi chumba kimoja?

“Nikamwambia wanne,” binti anasema. “Akasema, ‘Vizuri. Watakaa wanapiga kelele.’ Akatoka nje. Nilimsikia anaongea nyuma ya nyumba muda mrefu. Aliporudi macho yalikuwa mekundu, akaniambia tukatafute sanduku.”

Alipoulizwa alisema nini huko nyuma ya nyumba, Redio anafikiri huku akikunja kitambaa.

“Nilimwambia Mungu ukweli. Nilimwambia sitaki aende. Nilimwambia nimebaki na mmoja, na huyo mmoja unampeleka mbali. Nililalamika sana, nisikudanganye. Halafu nikamwambia, haya, lakini na wewe uende naye.”

Baba na binti wamewekeana mapatano. Binti atapiga simu Jumapili baada ya ibada. Katikati ya wiki baba hatapiga, isipokuwa kuna msiba au harusi. Binti alitaka harusi iondolewe, kwa kuwa baba anaweza kubuni harusi kila Jumanne. Wamekubaliana ibaki, ila lazima amtaje bibi harusi.

Siku ya safari, shemeji ndiye atakayemsuka. Redio atabeba sanduku hadi kituoni. Amekwisha kuamua kwamba basi likiondoka hatalifuata kwa macho mpaka kona; atapita sokoni kununua mboga, kwa sababu jioni lazima mtu ale.

Baada ya hapo ana mpango mmoja, na anausema akiangalia mikono yake. Muhula ukifika katikati, atafunga kibanda kwa siku tatu, apande basi lilelile, akae dirishani, aone milima na mito ambayo mwanawe ameivuka.

“Safari zote nilizowahi kumfuata nilikuwa nakimbia,” anasema. “Hii nataka niende kwa sababu nimemkumbuka, basi. Nikifika nimkute anasoma, ninunue soda, tukae. Anieleze mambo ya huko. Mimi nitanyamaza, nimsikilize yeye.”