Swali Nililolifuta Namanga

Nakumbuka siku niliyokemewa na bibi kizee kule Namanga, mwanangu, na hata sasa na mvi zangu hizi masikio bado yananiwaka moto.

Nilikuwa msichana, binti wa Mkamba mkulima wa vitunguu wa Kitengela, nimetoka shule juzi na najiona nimefika. Tulitaka kuanzisha chama cha wakulima na wafugaji wa Kajiado nzima, maana wanunuzi walitupangia bei watakavyo. Lakini ofisi ya wilaya ilikataa kutuandikisha mpaka tupate wanachama kutoka kila tarafa. Bila Namanga, tarafa pekee iliyobaki, tungebaki majirani wa kulalamika tu. Nikatumwa mimi, na fomu niliiandika mwenyewe. Swali la kwanza, juu kabisa: Una ng'ombe wangapi?

Siku tatu nilizunguka maboma ya Wamaasai. Wazee walinikaribisha, wakanipa maziwa, wakanisikiliza vizuri. Nikifika kwenye swali lile, nyuso zinafungwa. Mmoja alikumbuka ghafla kwamba ana safari. Nami kwa kiburi changu nikasema hawa hawapendi maendeleo. Ujinga wangu nikauita wao!

Siku ya tatu Kokoo Naisiae, yaani Bibi Naisiae kwa Kimaasai, ajuza aliyekuwa akitunga shanga mlangoni pake, akaniita.

"Wewe msichana, nani alikufundisha kuuliza mtu ng'ombe yake ni ngapi?"

"Ni fomu, Kokoo. Inataka namba."

"Sisi hatuhesabu ng'ombe. Ukihesabu, unaita kifo. Kila moja tunajua kwa rangi yake, na ikipotea tunajua. Wewe hata kichwa hukuinamisha nikusalimie, umekuja na kalamu tu. Sasa hiyo chama yako inataka ng'ombe ama inataka watu?"

Nililia pale pale, mwanangu, si kidogo. Kisha nikainamisha kichwa, akaniwekea mkono utosini. Nikatoa kalamu nikalifuta swali kwenye kila fomu, yeye akitazama, na mahali pake nikaandika: Unasumbuliwa na nini?

"Andika soko ya mbuzi," akasema, akabonyeza kidole gumba chenye wino kwenye fomu. Ndiye aliyekuwa wa kwanza. Keshoye akanizungusha mwenyewe boma kwa boma, na yule mwenye safari naye akaiahirisha.

Siku ya mkutano wa kukiandikisha chama mjini Kajiado, afisa alisoma tarafa moja moja. Alipofika Namanga akainua macho, ana hakika hakuna mtu. Safu tatu za nyuma zikasimama kwa pamoja, shuka nyekundu tupu, Kokoo mbele! Ukumbi ukajaa vigelegele, na afisa akagonga muhuri. Niliruka kama mwehu, wala sioni haya kusema. Leo malori ya wanunuzi yanapanga foleni kungoja bei tuliyokubaliana sisi.

Basi sikia. Mkono mmoja hauchinji ng'ombe, hilo kila mtu hulisema. Lakini mkono wa pili hauji kwa kuitwa tu, huja kwa kuheshimiwa. Ukienda kwa watu, uliza kinachowauma kabla ya kuuliza walicho nacho. Na ukikosea, futa kosa lako mbele yao, usingoje ufike kwako.

Mungu akupe mvua kwa wakati wake, mwanangu, na akikuona umepotea, akupe mtu wa kukukemea mapema.